Mtafsiri wa Filamu za Mhungaria

Kuna mzee mmoja hapa Mount Druitt, Sydney, ambaye aliwahi kutafsiri skrini tupu ya bluu kwa dakika kumi na moja, na watu ishirini na kitu wakamsikiliza mpaka mwisho bila hata mmoja kuinuka. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kikombe cha chai mkononi, na nikwambie kweli, ilikuwa mojawapo ya filamu nzuri nilizowahi kuzisikia.

Jina lake ninalijua ila silitumii, kwa sababu hakuna anayelitumia. Kule kambi ya wakimbizi aliitwa Mtafsiri, kwenye ndege akapanda Mtafsiri, na hapa Sydney wajukuu wake, ambao Kiswahili wanakisikia na kujibu kwa Kiingereza, wanamwita Babu Mtafsiri.

Kwa asiyeijua kazi hii, ni hivi. Kule kambini Tanzania tulikuwa na banda la video, la miti na maturubai, deki inaendeshwa kwa betri ya gari. Filamu zilikuwa za Wachina na Wamarekani, ngumi na helikopta, na katika sisi hakuna aliyeelewa neno. Basi Mtafsiri alikaa kando ya televisheni, maiki mkononi, akatuambia wanasema nini. Kichina hakukijua. Kiingereza chake kilikuwa cha kumsalimia mwalimu asubuhi. Lakini alikuwa na sauti ya jambazi, sauti ya polisi, sauti ya mama mkwe, na sauti ya mlango. Ndiyo, mlango. Mlango wa tajiri ulifunguka tofauti na mlango wa maskini, na ukifumba macho ulijua umeingia nyumba ya nani.

Jamaa kwenye filamu angepiga watu ishirini, kisha asimame kufuta jasho. Mtafsiri anasogeza maiki: "Nimepiga watu ishirini tangu asubuhi, na mgao wa unga bado siku tisa!" Banda zima linaanguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa na miaka saba. Niliamini kabisa kwamba na Uchina wanapanga foleni ya unga kama sisi, na niliwaonea huruma.

Kazi hiyo haikumtoka. Mwaka mmoja alikuja mhubiri mgeni kanisani kwetu hapa Sydney, anahubiri kwa Kiingereza, na mkalimani wa kawaida alikuwa na shifti. Wakamwomba Mtafsiri. Mhubiri akasema sentensi moja fupi kuhusu mwana mpotevu. Mtafsiri akazungumza dakika nne. Tulimsikia mwana mpotevu akibisha mlango, tukausikia mlango ukilia, tukamsikia kaka mkubwa akinung'unika jikoni, tukawasikia hata nguruwe wakimuaga. Akina mama walilia. Mhubiri mwenyewe alitokwa na machozi bila kujua kwa nini. Baadaye akauliza kwa upole ni nini hasa alichokuwa amekisema. Mtafsiri hakuitwa tena, wala hakusikitika. "Bon," alisema, maana yeye ni Mrundi na bon, ile "haya" ya Kifaransa, haimwishi mdomoni, "mchungaji anapenda kusema mwenyewe. Mimi pale sina nafasi."

Ajabu ni kwamba nje ya filamu ni mtu mkimya. Ukimtembelea anaweza kukaa nawe saa nzima na kukwambia tu kwamba karanga zimeungua. Hucheka kwa pua. Na kila kitu nyumbani amekitengeneza kwa selotepu. Alifanya kazi ghala moja St Marys, ya kufunga maboksi, na alipoacha walimuaga kwa keki na rola za ile selotepu pana ya kahawia. Tangu hapo miwani yake ina selotepu, kandambili zina selotepu, mguu wa kiti, mpini wa birika. Binti yake, Mama Divine, huwa anasema, "Ile siku mimi nitachelewa kurudi kutoka kazini, nitakuta ameziba na dirisha."

Sasa filamu. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee kule Guildford. Ni kazi ninayoipenda, wazee wana maneno. Palikuwa na bibi mmoja Mhungaria, mdogo wa mwili, anayepaka rangi ya mdomo hata siku ya kuoga tu. Siku moja akanipa boksi la dividii. Zote zilikuwa za mwongozaji mmoja wa kwao. Wajukuu wake hawazitaki, akasema, na kwao huyo ni mtu mkubwa, watu wanapanda treni kwenda kumtazama. Jina la mwongozaji lilinishinda, na mpaka leo sisi tunamwita Mhungaria tu. Nikamuuliza bibi zinahusu nini. Akafikiri sana. Kisha akasema, "Chukua na mto."

Nilizipeleka kwa Mtafsiri kwa mzaha. Yeye alikuwa ameanza kuonyesha filamu kila Jumamosi mchana kwenye gereji ya Mama Divine. Mlango wa kukunja unateremshwa mpaka nusu ili giza liingie na hewa isikosekane, viti vya kila aina, maandazi, watu wa Burundi, Wakongo, na Kamau, nesi Mkenya anayeishi nyumba ya tatu. Ila zile filamu za ngumi zilikuwa zimeanza kumshinda. Nilidhani ni uzee tu. Akaweka ya Mhungaria ili kujaribu.

Nikueleze ilivyo. Nyeusi na nyeupe. Kuna mbuga tambarare kabisa, kama mtu kaipiga pasi. Kwa mbali kuna mwanamume anasukuma baiskeli yenye pancha. Anaisukuma. Anaendelea kuisukuma. Unaenda chooni, unarudi, anaisukuma. Upande wa pili kuna kisima, na kando ya kisima kuna mwanamke amesimama. Upepo unampiga. Ndiyo hiyo, saa mbili na nusu.

Kamau alidumu dakika sita. "Wazee, hii TV imeganda ama ni mimi nimeganda?"

"Nyamaza," Mtafsiri akasema. Alikuwa ameinama mbele, pua inakaribia kugusa kioo. "Huyu Mhungaria ni mtu wa heshima. Anakuwekea mtu pale mpaka umfahamu."

Na akaanza. Jamani! Akampa mwenye baiskeli mdomo. Kumbe alitoka kumwona fundi, kumbe fundi amehama, kumbe baiskeli yenyewe ni ya shemeji. Akaupa upepo sauti. Akaipa pancha sauti. Kufika saa ya pili tulikuwa tumekaa ukingoni mwa viti, tunataka kujua kama baiskeli itafika kisimani. Haikufika. Watu walikwenda nyumbani wanabishana.

Miaka miwili tukazitazama zile za Mhungaria tu, na ile ya baiskeli zaidi ya zote. Kila mara alitafsiri upya. Wiki moja yule bwana anaenda kuoa, wiki nyingine anaenda kuomba radhi. Mama Divine alikasirika kweli.

"Papa! Jumamosi ile nyingine hii baiskeli ilikuwa ya shemeji, leo imekuwa ya kanisa?"

"Jumamosi ile nilikuwa sijamjua vizuri," akajibu, kwa utulivu wa mtu aliyetoka kuzungumza na mhusika.

Niligundua hali ya macho yake siku moja ya mvua. Nilifika mapema nikamkuta mlangoni anaongea na koti. Lilikuwa limetundikwa msumarini. "Karibu ndani, bwana, usisimame hapo," analiambia, "chai iko tayari." Kisha akanimiminia chai, nusu kikombeni, nusu mezani. Nikamshika mkono. Akacheka kwa pua.

"Yule bwana ni mgumu," akasema. "Hajibu."

Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishamwambia apasuliwe, na barua zilikuwa ndani ya boksi, boksi limezungushiwa selotepu. Alichoogopa alinieleza siku ileile, taratibu. Kisu, kwanza. Mtu huyu ambaye mashujaa wake hung'oa risasi kwa meno huwa anazimia akiona sindano. Lakini kisu hakikuwa hofu kubwa.

"Watu wakijua kwamba Mtafsiri haoni," alisema, "watakuja Jumamosi kunionea huruma. Halafu hawatakuja. Binti yangu, mimi nimeacha nchi, nimeacha kambi, nimeacha ghala. Kazi hii ndiyo iliyobaki. Usiseme."

Nikaahidi. Ndipo nikaelewa kwa nini Mhungaria. Filamu za ngumi zilikuwa zinakimbia mno. "Mpaka nijue nani kapigwa," alikiri, "ameshazikwa." Lakini Mhungaria alimwachia kivuli palepale dakika tisa, na hata jicho lake lililofifia likapata muda wa kukifikia.

Sasa sikiliza jambo ambalo yeye hakulijua. Yule mwanamke wa kisimani, Mtafsiri tangu siku ya kwanza alimtafsiri kama binti. Binti wa miaka kumi na tisa, anasubiri mchumba, na sauti nyororo kabisa. Na yule mwanamke ni bibi. Ana miaka sabini kama si themanini, kitambaa kichwani, uso umekunjamana wote. Siku hiyo ya kwanza Mama Divine alifungua mdomo, akatutazama, akaufunga. Mtoto mmoja akaanza kwa Kiingereza, "But she's really..." na andazi likaingia mdomoni mwake kabla hajamaliza.

"Msichana mzuri huyu," Kamau akasema gizani.

"Sana," tukajibu wote, mimi nikidhani ni mtindo wake tu.

Na kuna la pili. Filamu zile zina maandishi ya Kiingereza chini. Meupe, makubwa, kila mtu aliyepita shule kidogo anayasoma. Mtafsiri hakuyaona hata siku moja. Alikuwa akitusifia: "Mhungaria huyu ana akili. Hakuweka maandishi. Amemwachia Mtafsiri kazi yake." Gereji nzima ikitikisa kichwa kukubali, na nyuma yake yale maandishi yanang'aa kama taa. Nilikuwa nimeahidi kutosema, kumbe kila mmoja alikuwa anajua, na gereji nzima ilikuwa inamlinda.

Nilimweleza bibi wa Kihungaria kule Guildford kwamba filamu zake zinatafsiriwa kwa Kiswahili. Akataka kujua yule mwenye baiskeli anasema nini. Nikamwambia habari za fundi, shemeji na mchumba. Alicheka mpaka nikamletea maji. "Aendelee," akasema. "Hiyo ni nzuri zaidi."

Basi tufike kwenye skrini ya bluu. Dividii ilikuwa imechoka kwa kuchezwa. Katikati ya mbuga ikakwaruza, picha ikaganda, kisha televisheni ikawa bluu tupu, bila sauti. Filamu za Mhungaria zenyewe zina kimya kirefu, kwa hiyo Mtafsiri hakushtuka. Aliona tu weusi umeondoka.

"Sasa," akasema kwa sauti ya chini, "kumepambazuka."

Kamau akaweka andazi chini.

"Binti anatazama angani. Anga haina hata wingu. Anasema, leo ni siku nzuri ya mtu kufika." Na akaendelea. Bwana wa baiskeli akalala chini kwenye majani akiitazama anga ileile, kila mmoja upande wake, wakaanza kuzungumza bila kusikiana. Ndege wakapita. Mtafsiri akafanya mabawa kwa mdomo. Dakika kumi na moja, nilitazama saa ya ukutani. Kisha deki ikajizima yenyewe, akasikia ule mlio, akasema, "Mwisho," tukapiga makofi. Kamau alitoka nje, nikamkuta ameegemea pipa la taka, anafuta macho.

"Huyu mzee ni noma," akasema. "Lakini hiyo macho lazima ifanywe kitu. Ni operesheni ndogo, walai, dakika ishirini. Mwambie."

Kumwambia vipi wakati nimeapa kutosema, na yeye anadhani hakuna mwingine ajuaye? Nililala na hilo siku tatu. Siku ya nne nikampata.

"Mtafsiri," nikasema, "kwenye ile filamu ya baiskeli kuna kitu hujawahi kukitafsiri. Kwenye kona, chini kushoto. Kipo tangu mwanzo mpaka mwisho."

Akageuka kama aliyetukanwa. "Kitu gani?"

"Sisemi."

"Ni mtu?"

"Nenda ukapasuliwe, ukitazame mwenyewe."

Alinifuatafuata wiki tatu. Alipiga simu nikiwa namwogesha mzee wa watu. "Ni mbuzi?" Alinivizia nje ya kanisa. "Ni pikipiki? Niambie kama ni pikipiki tu, sitaomba lingine." Mwisho akalikata boksi la barua kwa kisu cha jikoni, akaniambia, kwa hasira, nimpangie siku.

Kwa daktari walituunganishia mkalimani wa simu. Daktari alikuwa mama mpole, alieleza dakika tatu nzima, kwa mikono na mchoro. Mkalimani akasema, "Anasema ni operesheni salama."

Mtafsiri akaisogelea simu. "Bwana, huyu mama amesema dakika tatu. Zilizobaki umezipeleka wapi?"

"Mzee, ameeleza jinsi watakavyo..."

"Na alipoinua mkono hivi? Na alipovuta pumzi? Hukuiweka hata pumzi!" Akaniangalia kwa uchungu wa fundi aliyeona kazi mbovu. "Vraiment, kweli kabisa, hawa vijana." Kisha akamfundisha mkalimani, kwenye simu ya watu, jinsi ya kuingia na sauti. Daktari akaniuliza kama mgonjwa ana swali. Nikasema ana maoni.

Walipasua jicho la kwanza, kisha baada ya muda la pili. Alizimia mara moja tu, tena kwa kuonyeshwa kofia ya plastiki. Zile wiki za dawa za matone hakuna filamu iliyoonyeshwa, na watu walikuwa wakipita gerejini kuchungulia viti.

Aliponiita ilikuwa Jumanne mchana, mimi peke yangu. Mama Divine alikuwa kazini. Miwani yenye selotepu haikuwepo tena usoni, na uso ukaonekana mtupu, kama ukuta uliotolewa picha. Alikuwa amekwishaweka dividii, nakala safi ambayo bibi wa Guildford alimtuma mwanawe aitafute. Tukakaa. Akakaa mbali na televisheni, kwa mara ya kwanza, kama mtazamaji.

Mbuga ikatokea. Akatazama kona ya kushoto.

"Mbwa!" Akaruka. "Ni mbwa! Anamfuata! Miaka miwili mbwa wa watu anatembea na mimi sijampa hata neno!"

Akacheka kwa pua mpaka akakohoa. Kisha picha ikaenda kisimani. Mwanamke alikuwa karibu sana na kamera. Upepo ukavuta kitambaa chake. Mtafsiri akamtazama muda mrefu.

"Huyu ni bibi," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

Yule wa baiskeli akafungua mdomo, na maandishi meupe yakatokea chini. Akayaona. Akayafuata kwa kidole hewani, herufi kwa herufi, kwa Kiingereza chake kidogo.

"Anasema nini hapa?"

"Anasema mvua itanyesha."

"Tu?"

"Tu."

"Na baadaye?"

"Mwishoni kabisa anasema imenyesha."

Akashusha kidole. Kwenye televisheni baiskeli iliendelea kusukumwa.

"Haya maandishi yalikuwepo siku zote?"

"Yalikuwepo."

"Mlikuwa mnayaona?"

Ningeweza kudanganya. Nilitamani sana. "Tulikuwa tunayaona."

"Kamau?"

"Kamau, Mama Divine, wote. Hata watoto."

"Na bibi mlimwona ni bibi."

"Tulimwona."

Akatazama viti. Kile cha plastiki, sofa lililopasuka, ndoo yangu ya rangi. Alivipitia kimoja kimoja kwa macho yake mapya, kama anahesabu watu.

"Na mkaja," akasema.

"Tukaja."

"Kila Jumamosi."

"Mzee, kusoma tungesoma nyumbani."

Akainuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na rola ya selotepu ya kahawia. Akavuta kipande kirefu, mlio wa selotepu ukajaa gereji, akakikata kwa meno. Akanipa ncha moja. Tukakibandika chini ya kioo, kutoka upande hadi upande, juu ya yale maandishi yote. Kona ya kushoto akaiacha wazi kidogo, mraba mdogo, kwa ajili ya mbwa.

Jumamosi ile watu walijaa mpaka wengine wakasimama. Waliiona selotepu, wakamwona hana miwani, na nikaona habari ikipita kiti kwa kiti bila mtu kufungua mdomo. Mama Divine alianza kulia, akajifanya ameunguzwa na maandazi ya moto. Mtafsiri akashika maiki yake, ambayo haijaunganishwa na kitu chochote tangu kambini. Kisimani mwanamke alisimama kwenye upepo, uzee wake wazi mbele ya kila mtu.

"Bon," akasema Mtafsiri. "Jamani, tangu tuanze filamu hii, yule binti amesubiri mpaka amezeeka. Yuko palepale. Tumsikilize sasa anasema nini."

Na akampa sauti mpya, ya kikongwe. Mbwa alibweka kabla yake.